Kumpumzisha mbwa mzee au mgonjwa: maswali ninayoulizwa hapa Dodoma

Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi, kama ilivyo kwa wenzangu wengi wa kanda hii ya kati, lakini simu zinazoniamsha usiku ni za mbwa. Mtu anapiga kutoka Nkuhungu, Kisasa au Ihumwa, ananyamaza kidogo, halafu anasema: "Daktari, huyu mbwa... sijui nifanyeje." Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya simu hizo.

Kuna jambo ninalishuhudia kila mwaka na linaniuma. Mbwa mwenye ugonjwa unaotibika tunamuua haraka kwa sababu anatia kinyaa, na mbwa ambaye dawa zimegonga mwamba tunamwacha nyuma ya stoo, anaisha taratibu wiki baada ya wiki, tukisema tumwachie Mungu. Mengi ya haya chini yanahusu namna ya kuwatofautisha hao wawili.

Kumpumzisha maana yake nini hasa?

Ni kumfanya afe kwa dawa, bila maumivu na bila hofu, mikononi mwa daktari. Wengine husema kumlaza, wengine kumchoma sindano ya mwisho. Kumpiga rungu, kumtegea sumu kwenye nyama, au kumtia kwenye gunia na kumtelekeza porini si kumpumzisha, hata kama nia ilikuwa kumpunguzia mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na mbwa yumo.

Nitajuaje kwamba wakati umefika?

Huwa siulizi kwanza anaumwa nini. Nauliza alikuwa anapenda nini.

Familia moja ya Chang'ombe walikuwa na mbwa wa miaka 13, jina lake Chui. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba, alinitajia mambo manne bila kufikiri: kukimbilia geti akisikia pikipiki ya baba, kulala mchana chini ya mwarobaini, kusubiri kichwa cha samaki mlangoni pa jiko, na kuzunguka ukuta usiku akishafunguliwa. Nikamwomba ayaandike kwenye karatasi na kuibandika jikoni. La kwanza kuondoka lilikuwa kuzunguka ukuta. Huo ni uzee, haukunisumbua. Miezi ikapita. Kisha pikipiki ikawa inaingia, Chui anainua kichwa, mkia unapiga chini mara mbili tatu, lakini hainuki. Halafu siku moja mwezi wa kumi mama alimkuta amelala kwenye jua kali la saa saba, kivuli cha mwarobaini kikiwa hatua tatu tu kutoka alipo, ameshindwa kujivuta kukifikia. Kichwa cha samaki aliendelea kukila. Walinipigia jioni ile ile, na nadhani waliichagua siku sahihi.

Pamoja na karatasi hiyo, tumia kalenda ya ukutani. Kila jioni weka duara kama siku ilikuwa njema kwake, mkato kama ilikuwa mbaya. Nasema kwake, si kwako. Tunaokaa na mgonjwa kila siku tunazoea, na akipata asubuhi moja nzuri tunasahau siku nne za kulia usiku. Kalenda haisahau. Mikato ikizidi maduara kwa wiki mbili, nipigie tuzungumze. Si lazima tumalize siku hiyo, ila mazungumzo yasisubiri zaidi.

Daktari mmoja wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa mwaka 2004 kipimo chenye mambo saba: maumivu, chakula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo unalipa alama kuanzia 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, bado kuna maisha ya kutunza. Mimi hukitumia zaidi pale familia isipoelewana. Kila mtu anajaza karatasi yake peke yake, kisha mnalinganisha. Mara nyingi aliyekuwa anapinga ndiye anatoa alama za chini kabisa, na yeye mwenyewe anashangaa.

Ila pumzi haisubiri hesabu. Mbwa aliyelala usingizi kwa utulivu kwa kawaida anahema chini ya mara 30 kwa dakika. Tazama ubavu, hesabu kwa saa ya simu. Akizidi 40 akiwa amepumzika, shingo ameinyoosha, viwiko ameviweka mbali na kifua na anaogopa kulala chini, huyo anazama akiwa nchi kavu. Piga simu saa hiyo hiyo.

Bado anakula. Si dalili kwamba anataka kuishi?

Ni dalili kwamba anakula. Nimewaona mbwa wenye saratani ya mfupa wakimaliza sahani ya ugali na utumbo huku mguu hauwezi kugusa chini. Mbwa hula mpaka karibu sana na mwisho, hasa akilishwa kwa mkono na mtu anayempenda. Kinyume chake pia ni kweli: aliyeacha kula siku mbili huenda ana jino bovu au homa ya kupe, na ukamtibu akaishi miaka. Chakula ni swali moja kati ya mengi. Tusilifanye hakimu.

Amekonda, ananuka, anatoka damu. Majirani wanasema tumuue. Wako sahihi?

Mara nyingi hawako sahihi, na hapa naomba usome polepole.

Ugonjwa unaowaponza mbwa wengi bure ni uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kujamiiana. Unaota kama koliflawa, unavuja damu wiki kwa wiki, nzi wanamfuata, watoto wanamkimbia. Kila anayeuona anadhani ni mwisho. Lakini ni moja ya saratani chache ambazo kwa mbwa tunaziponya kweli: sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na uvimbe unayeyuka. Nimewahi kufika nyumba moja nikiwa nimeitwa kumpumzisha jike wa miaka mitatu mwenye uvimbe huo, nikakataa. Baadaye alizaa, kisha tukamfunga kizazi.

Wa pili ni kupe. Hapa kwetu kupe wapo mwaka mzima, hata kiangazi wanajificha kwenye nyufa za banda. Mbwa anapata homa, fizi zinakuwa nyeupe kama karatasi, pengine damu inatoka puani au mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Anakonda hadi mbavu zinahesabika. Kipimo cha damu kikionyesha ni ipi kati ya homa za kupe, kuna doksisaiklini ya wiki nne, kuna sindano ya imidokabu. Akiwahiwa, wiki moja tu baadaye humtambui.

Jike ambaye hajafungwa kizazi, ameingia joto mwezi mmoja au miwili iliyopita, sasa anakunywa maji ndoo nzima, tumbo limejaa na hataki kula: huyo huenda ana usaha kwenye mji wa mimba. Ni dharura, ila dawa yake ni upasuaji. Na mbwa aliyetoka mapori ya Rungwa au Kizigo, au aliyefuata mifugo upande wa Manyoni, akipata homa na macho kuwa na ukungu, mfikirie ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbung'o humng'ata mbwa kama anavyomng'ata ng'ombe. Upele wa kupoteza manyoya mwili mzima nao unatibika, tena kwa gharama ndogo kuliko hayo yote.

Kwa hiyo kabla ya kusema neno la mwisho, apimwe. Hata kipimo kidogo cha damu na kutazama fizi, tumbo na joto la mwili. Kama tatizo linahitaji vifaa vikubwa na una uwezo, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) iko Morogoro, kilomita kama 260. Si kila mtu anaweza, na sitamlaumu asiyeweza.

Ni mzee tu, hana ugonjwa. Anashindwa kuinuka asubuhi.

Uzee peke yake si sababu. Mbwa mkubwa wa ulinzi anaanza kuzeeka akiwa na miaka 7 au 8. Mdogo anaweza kufika 15. Viungo vikikakamaa, baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita na wa saba inamtesa zaidi, na kila mwaka miezi hiyo naitwa kuwapumzisha mbwa ambao wangefika Septemba vizuri tu kama wangepewa pa kulala penye joto. Mwondoe kwenye sakafu ya saruji. Mpe godoro kuukuu au magunia yenye nyasi, mahali upepo haupigi. Mkate kucha. Sogeza bakuli la maji karibu. Weka zulia kwenye vigae vinavyoteleza. Mbwa wa ulinzi akizeeka mwachie kazi hiyo mwingine, yeye alale ndani ya kibaraza.

Dawa za maumivu za mbwa zipo, kama meloksikamu na kaprofeni, kwa kipimo cha uzito wake. Tafadhali usimpe dikilofenaki wala ibuprofeni za nyumbani. Zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na nimeshazika mbwa waliouawa na kidonge kilichotolewa kwa upendo.

Ninaposema sasa inatosha ni pale anapolala kwenye mkojo wake na kugeuza uso kama anayeona aibu. Ngozi ya nyonga imechimbika vidonda, na siku ya joto nzi wametaga humo na funza wameingia. Hilo likitokea mara moja tunasafisha na kutibu. Likijirudia huku hawezi kujigeuza, anayeumia kwa kusubiri kwetu ni yeye.

Ameuma mtu. Tumuue leo?

Hapana, na si kwa huruma tu. Aliyeumwa kwanza: kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna tiba.

Mbwa, kama anaonekana mzima, afungiwe mahali salama na kuangaliwa siku 10 huku ofisa mifugo wa kata akijua. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Akibadilika, akaanza kudondosha mate, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, kung'ata hewa, hapo hakuna la kujadili, auawe na mtaalamu, na kichwa kisipigwe maana ubongo ndio unaopimwa maabara. Usimguse, usimfungue akuage. Najua ni vigumu kuambiwa hivyo kuhusu mbwa uliyemlea.

Siku yenyewe inakuwaje?

Naomba ifanyike nyumbani, mahali anapopapenda. Mpe anachokitaka; kama ni nyama ya kuchoma, apewe. Kwanza namchoma dawa ya usingizi, ndani ya dakika kumi hivi kichwa kinalegea na hasikii tena. Hapo ndipo ninanyoa manyoya kidogo mguuni na kuingiza dawa ya pili kwenye mshipa, ya jamii ya pentobabitali. Pumzi inasimama, kisha moyo, kwa kawaida katika dakika chache. Nasikiliza kifua mpaka niwe na hakika, halafu nakuambia.

Mambo yanayowashtua watu nayasema mapema. Macho hayafumbi. Baada ya moyo kusimama anaweza kuvuta pumzi moja au mbili kubwa, misuli ikatetemeka, mkojo ukatoka. Hayo hayamaanishi anaumia, wala kwamba amerudi. Weka taulo chini yake.

Ukiweza kukaa, kaa. Shika kichwa, sema jina lake kwa sauti ya kila siku. Asiyeweza, atoke nje kwa amani, nitamshika mimi.

Bwana mifugo anasema dawa hiyo hana, atatumia nyingine. Nikubali?

Pentobabitali haipatikani kirahisi, hilo ni kweli. Swali la kumuuliza ni moja: "Utamlaza usingizi mzito kwanza?" Zipo dawa nyingine za kusimamisha moyo zinazokubalika, mradi mbwa awe ameshalala fofofo, asiyehisi hata ukimfinya. Kumchoma dawa ya kusimamisha moyo au kulegeza misuli akiwa macho ni mateso ambayo hayaonekani kwa nje, maana hawezi hata kulia. Akikujibu kwamba hakuna haja ya usingizi, mshukuru na utafute mwingine. Daktari wa mifugo huwa amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Kumuuliza usajili wake si utovu wa adabu. Mwenye duka la pembejeo akikupa kichupa uende ukamchome mwenyewe, kikatae.

Gharama ni kiasi gani?

Inategemea uzito wa mbwa, dawa iliyopo na umbali wa safari. Uliza bei yote kabla, pamoja na nauli na kuzika. Ukiwa huna, sema huna. Wengi wetu tunapokea kidogo kidogo, na ni bora uniambie kuliko mbwa asubiri mwisho wa mwezi.

Nani aamue? Mbwa ni wa baba, baba yuko Mpwapwa.

Mpigieni, yeye ndiye mwenye kauli. Lakini kabla ya hapo sikilizeni yule anayemlisha. Katika nyumba nyingi hapa mjini huyo ni dada wa kazi au mlinzi, na hakuna anayemuuliza. Yeye ndiye anajua mbwa alilia saa ngapi usiku, amejisaidia wapi, ameacha lini kunyanyua mkia. Niliwahi kukaa sebuleni nusu saa na familia nzima inabishana, kisha kijana wa getini akasema kwa upole, "Shikamoo daktari, huyu hajalala tangu Jumapili." Ubishi uliishia hapo.

Watoto tuwaambieje?

Sema "atakufa", au "amekufa". Mtoto ukimwambia mbwa amelazwa usingizi, ataogopa kulala yeye. Ukimwambia amepelekwa shamba Kongwa, atasubiri arudi. Wa miaka saba na kuendelea mpe nafasi ya kuaga na kuchagua kama atakuwepo. Wakilia, msiwanyamazishe kwa kusema ni mbwa tu.

Ni dhambi?

Nimeulizwa na Waislamu na Wakristo, na mimi si shehe wala padri. Ninachoweza kusema ni kwamba Waislamu wanaikumbuka vizuri hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na Mithali 12:10 inamtaja mwenye haki kuwa ni yule anayeujali uhai wa mnyama wake. Muulize kiongozi wako wa dini, tena umweleze hali yote, usimwambie tu "nataka kuua mbwa".

Mwili tuufanyeje?

Uzikwe, tena siku hiyo hiyo. Dawa hubaki mwilini, kwa hiyo fisi, tai au mbwa mwingine akiufukua na kuula, naye anaweza kufa. Pembezoni mwa mji, Ntyuka, Msalato, Veyula, hilo si jambo la kufikirika, fisi wanasikika. Chimba zaidi ya mita moja, mbali na kisima, ushindilie udongo na kuweka mawe juu. Ardhi yetu kiangazi ni ngumu kama tofali, hivyo kama siku imeshapangwa, shimo lichimbwe jana yake kwa sururu, na si mbele ya mbwa wala watoto. Usitupe korongoni wala dampo. Kama unaishi nyumba ya kupanga na hakuna uwanja, ongea na daktari mapema, au na rafiki mwenye kiwanja.

Nilichelewa. Au niliwahi mno. Nifanyeje na hili linalonikaa rohoni?

Nilimchelewesha mbwa wangu mwenyewe. Figo zilikuwa zimekufa, mdomo unanuka mkojo, anatapika povu, na mimi daktari nikaendelea kumwekea dripu siku tano kwa sababu sikutaka kurudi kwenye nyumba isiyo na yeye. Bado nazikumbuka siku hizo tano. Sijapata namna ya kuzifuta, ila ndizo zilizonifanya niwaambie watu ukweli mapema, na siku ya pili yake kuwapigia simu kuuliza wameamkaje. Anayewahi naye hujiuliza kama ingewezekana mwezi mmoja zaidi. Ukiwa umempima, umeandika, umeuliza, basi uliamua kwa ulichokijua siku ile. Usikae nalo peke yako. Kuna watu watakaocheka ukilia kwa ajili ya mbwa, tafuta asiyecheka.

Mbwa wetu wa pili hali chakula tangu mwenzake afe.

Ni kawaida kwa siku chache. Kama mwili bado haujazikwa, mwache aje kuunusa mwenyewe, asisukumwe. Baadaye mlishe saa zile zile, mfungulie saa zile zile, na asubuhi kabla jua halijachoma mtoe nje mtembee naye. Ikipita siku ya tatu hajagusa chakula, mlete nimwangalie. Huenda naye ana kupe.